Mjane wa Mlali na Mumewe

Hii habari nimeificha muda mrefu, na wachache walioijua niliwaomba wasiitaje mbele yangu, maana ikitajwa tu masikio yananiwaka moto hata kama nimekaa kivulini. Lakini juzi nimeisikia inasimuliwa kwenye harusi na mtu ambaye hata hakuwepo, tena kaitia chumvi (eti nilikimbia pekupeku mpaka Kongwa, uongo mtupu, viatu nilikuwa navyo), nikaona bora niiseme mwenyewe, yote, na aibu yangu ndani yake.

Mimi naitwa Zuhura. Ni Mrangi wa Kondoa na kazi yangu ni rangi, na huo utani nimeshausikia mara elfu, kwa hiyo msijisumbue. Nafundisha sekondari, na nikitoka shuleni nachora. Nakaa Msalato, chumba kimoja cha kulala na kimoja cha kuchorea, na kama mnaijua Msalato mnajua upepo wake na vumbi la malori ya ujenzi, yaani rangi ya mafuta haijakauka vumbi limeshakaa juu yake. Zamani nilikuwa nalia, siku hizi nasema ni mtindo wangu. Likizo zikifika nabeba daftari langu na penseli nazunguka, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, nakaa minadani na kwenye vibaraza vya maduka nachora watu, halafu narudi nyumbani nazifanya picha kubwa.

Basi mwaka juzi, likizo, nilikuwa Mlali. Nimekaa kibarazani kwa duka moja nakunywa soda, mbele yangu kuna mama amekaa juu ya gunia la alizeti, kajifunga kitenge cheusi, ameshika tama, anaangalia barabara. Jamani, ule uso. Nimechora nyuso nyingi lakini ule sikuweza kuupita. Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba nikuchore." Hakunijibu kwa mdomo, alinitazama tu, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kuangalia barabara yake. Nikachora saa nzima, sikusikia sauti yake hata mara moja. Nikajiambia, huyu mama amebeba jambo zito, huyu amefiwa. Likaja gari, akaondoka, wala jina sikumuuliza. Hapo ndipo kosa lilipoanza, ila wakati huo mimi nilikuwa najiona msanii.

Picha kubwa niliichora miezi minne. Na niseme ukweli bila kujivuna: ilitoka. Nilipopata nafasi ya kufanya maonyesho yangu mwenyewe, ya kwanza maishani, pale Dodoma mjini, msimamizi wa ukumbi, kaka mmoja anaitwa Eliya, alikuja Msalato kuchagua picha, akafika kwenye ile akavua kofia. "Hii ndiyo itakaa katikati," akasema. "Hii itakaa kwenye bango. Inaitwaje?"

Nikamwambia haina jina.

"Dada Zuhura, picha isiyo na jina ni kama mgeni asiyebisha hodi. Mchapishaji anasubiri. Nitumie jina kabla ya saa tisa, na mistari miwili ya maelezo. Watu wanapenda kisa."

Saa tisa kasoro nilikuwa nasimamia mtihani wa kidato cha pili, simu inatetema mfukoni, Eliya anauliza jina, jina, jina. Nikaitoa simu chini ya meza (wanafunzi wangu wakifanya hivyo nawatoa nje) nikaandika haraka haraka: "Mjane wa Mlali." Na chini yake: "Mumewe aliondoka msimu wa alizeti, hakurudi." Nikatuma. Nikajisikia mshairi kabisa.

Jumanne ya wiki ya maonyesho bango likatundikwa, kubwa, karibu na barabara ya kwenda stendi, uso wa yule mama umejaa kama mlango wa godauni, na maneno yangu chini. Kadi za mwaliko nazo, zenye uso ule ule na maneno yale yale, zikaanza kuruka kwenye simu za watu, kundi hili na lile. Mimi nilipita na bodaboda kuliangalia bango mara tatu siku hiyo, mara ya tatu dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano jioni nikampigia mama yangu Kondoa kujisifu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na mwenyewe umemwambia?"

"Nani, mama?"

"Mwenye huo uso. Umemwambia kwamba umemtundika barabarani?"

Nikaanza kumweleza habari za sanaa. Akanikatiza. "Zuhura, hata kuku wa mtu huwezi kumtangaza sokoni bila mwenyewe kujua. Nenda kwa huyo mama wa watu." Akakata simu. Mama yangu hakati simu ovyo, mjue hivyo.

Usiku ule sikulala vizuri. Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Alhamisi alfajiri nikaomba ruhusa shuleni, nikanunua sukari kilo tano na doti ya khanga, nikaweka kadi mbili za mwaliko mkobani, nikapanda basi la Kongwa, na Kongwa nikachukua bodaboda mpaka Mlali. Njia nzima napanga maneno. Mama, nimekuja kukuomba radhi na kukualika. Mama, uso wako umenipa heshima. Kila nikiyapanga yanazidi kunoga.

Pale Mlali sijui jina la mtu, sijui kwake. Nikamwonyesha kadi dereva wa bodaboda wa pale kijiweni, nikamuuliza kama anamfahamu huyu mama. Akaishika kadi, akaisogeza jua lisimpige machoni.

"Huyu si Mama Pendo! Bibi Sechelela, mke wa Mzee Chibago. Umekuja kwenye msiba?"

"Msiba gani?"

"Mzee amefariki. Watu wanamiminika tangu asubuhi." Akaiangalia tena kadi, akasoma kwa sauti, M-ja-ne wa Mlali, akatikisa kichwa. "Na nyie watu wa mjini mna haraka, mmeshaandika tayari?"

Jamani, nilipanda bodaboda yake bila hata kuuliza bei, anipeleke. Nilihesabu siku kichwani. Nimeandika mjane wiki iliyopita, na wiki hii mume kafa. Mimi ni mtu niliyesoma, ninafundisha watoto wa watu, lakini pale juu ya bodaboda niliamini kabisa kwamba mkono wangu ndio umemuua yule mzee. Nikaanza kusoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Machozi yakaanza njiani, kabla hata sijafika.

Na kweli, nyumbani pale palikuwa na watu. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande mwingine, khanga kichwani, mafiga matatu yameshawashwa moto, mtu anapepeta mchele. Mlango wa nyumba umefungwa kufuli. Nikaliona lile kufuli, ila kwa akili niliyokuwa nayo sikujiuliza kitu. Nikatoa sukari yangu, nikapokelewa, nikakaa mkekani pembeni ya shangazi mmoja mnene aliyetoka Mvumi, ambaye alikuwa analia kwa sauti nzuri ajabu, inapanda na kushuka.

"Pole mama," nikamwambia. "Alikuwa anaumwa?"

"Presha," akanijibu, akavuta kamasi. "Nasikia ni presha."

"Na mwili uko wapi?"

"Nasikia uko hospitali."

Nikauliza hospitali gani, akamuuliza wa pembeni yake, wa pembeni naye akamuuliza wa nyuma, na jibu halikurudi. Kila mtu pale alikuwa amesikia. Mfiwa mwenyewe hayupo, nikaambiwa labda yuko huko huko kwenye mwili. Nikashindwa kukaa. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kinjia kinachoingia mashambani, nipate hewa, nijifute uso, nifikirie nitamwambia nini yule mama akirudi.

Hapo ndipo akatokea mzee mmoja anasukuma baiskeli, gunia la mtama limefungwa nyuma, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Akasimama. Akaangalia moshi unaopanda upande wa mbele, akasikia vilio, akaniangalia mimi, mgeni, macho mekundu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

"Msiba, baba. Pole sana."

"Msiba wa nani?"

"Mzee mwenye nyumba ametutoka."

Akaigeukia nyumba, akaitazama kama mtu anayehakikisha namba. "Nyumba hii?"

"Hii hii baba."

"Amekufa lini?"

Na mimi, badala ya kusema sijui, maana ukweli sikujua, nikasema, "Jana. Nasikia ni presha."

Mzee akaegemeza baiskeli ukutani polepole, akavua kofia, akajifuta jasho. "Binti yangu," akasema, "mimi presha sina."

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa. Nilimwambia, "Si wewe baba, ni Mzee Chibago."

"Chibago ni mimi."

Nilichofanya baada ya hapo sikijui vizuri, wanaosema nilipiga kelele nawaachia. Najua kwamba mzee alinipita akazunguka kona ya nyumba akatokea mbele ya watu wake. Halafu yule shangazi wa Mvumi akaachia sauti, si ile nzuri, nyingine kabisa, na mabenchi yakaanguka, na watu wazima na heshima zao wakaruka mafiga. Mmoja alipanda juu ya banda la kuku. Mzee amesimama katikati anasema kwa Kigogo maneno ambayo mimi siyajui, lakini maana yake niliipata, alikuwa anauliza nani amemuua.

Watu walipotulia, wengine wakimgusa mkono kuhakikisha una joto, maelezo yakaanza kukusanywa. Kumbe mzee na mkewe walikuwa shambani, kule vilimani, siku sita wanavuna mtama, wanalala kibandani, simu hazishiki. Na binti yao, Pendo, anayekaa Dodoma mjini, Jumanne jioni akitoka kazini alipita barabara ya stendi akamwona mama yake kwenye bango, kaandikwa mjane. Akapiga simu nyumbani, haipatikani. Akapiga tena usiku, asubuhi, haipatikani. Akajua wanamficha, maana ndivyo tunavyofichwa watoto tulio mbali. Akampigia shangazi Mvumi, shangazi akaanza kulia kabla hajaambiwa jambo lote, na shangazi akiwa analia nani tena atauliza maswali? Kufika Alhamisi asubuhi habari ilikuwa imeshakomaa, ina presha na ina hospitali.

Pendo mwenyewe alikuwa pale, msichana mwembamba, macho yamevimba, kamkumbatia baba yake kiunoni hataki kumwachia. Akatoa simu, akaonyesha ile kadi. "Ni hii baba! Wameandika mama ni mjane! Wamekuita marehemu barabarani!"

"Nani kaandika?" mzee akauliza.

"Matapeli wa mjini," mmoja akasema. Mwingine akasema hao wakamatwe, wanatumia picha za watu kuchangisha. Mwingine akasema yeye angempata angemfunga kwenye nguzo ya zizi. Na mimi nimesimama hapo hapo, mkoba kwapani, kadi mbili ndani yake. Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, kama dakika mbili hivi, na mdomo ulikuwepo. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba naomba kuonyeshwa choo. Nikaonyeshwa. Nikakipita choo, nikaendelea kutembea kuelekea barabarani, kwanza pole pole, halafu si pole pole (ndiyo hiyo habari ya kukimbia, na ilikuwa hatua kama thelathini tu).

Mbele yangu, kwa njia nyingine inayotoka mashambani, akatokea mwanamke amebeba kuni kichwani na jembe mkononi. Nikamtambua kabla hajanitambua. Uso ule ule niliokaa nao miezi minne, ila sasa unacheka, maana hajui lolote.

"Eeh! Wewe si yule dada wa penseli?" akasema. Sauti yake ndiyo nilikuwa naisikia mara ya kwanza, nzito, ya furaha. "Umenitafuta mpaka nyumbani? Karibu! Mbona unatoka?"

Nyuma yangu watu walikuwa wameshaanza kuja kumpokea, Pendo mbele yao. Akasimama, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake. "Dada gani wa penseli?" akauliza.

Kuna wakati unaiona aibu inakuja kama gari la mizigo mteremkoni, na hakuna pa kuruka. Nilipiga magoti palepale kwenye mchanga. Nikasema ni mimi, mwalimu Zuhura wa Msalato. Nikasema bango ni langu, maneno ni yangu, sikuwa na nia mbaya. 

Bibi Sechelela akatua kuni zake chini. Akaletewa simu, akaisogeza karibu, akajitazama muda mrefu. "Na kwa nini umesema mimi mjane?" akauliza, bila hasira, kama anayetaka kujua kweli.

"Ulikuwa una huzuni, mama. Umeshika tama."

"Tama?" Akaweka mkono shavuni vilevile, akautoa. "Dada, sikuwa nimeshika tama. Nilikuwa nimeshika jino. Jino lilikuwa limenitoa machozi siku mbili, hata kusema siwezi. Nilikuwa nasubiri gari la kwenda kung'oa. Na huyu," akamwonyesha mumewe kwa kidevu, "huyu unayesema aliondoka hakurudi, alikuwa amekwenda kunitafutia hilo gari. Na alirudi nalo. Wewe ulikuwepo, ulituona tunaondoka, alikuwa amekaa mbele na dereva."

Kuna waliocheka, lakini mzee hakucheka. Akasubiri kicheko kiishe.

"Watu bado wako njiani," akasema. "Mpwapwa wanakuja, Kibaigwa wanakuja, hatuwezi kuwarudisha wote kwa simu. Wewe mwalimu hutaondoka. Utasimama pale njiapanda, na kila atakayefika akilia, wewe ndiye utamwambia kwamba mimi ni mzima, na utamwambia nani kaniua."

Nikasimama. Saa tano mpaka saa kumi kasorobo. Jua la Mlali mnalijua? Kila aliyefika nilimsalimia kwa heshima, nikamwambia, "Mzee Chibago ni mzima, kosa ni langu, niliandika vibaya kwenye picha." Wengine walishukuru Mungu wakanipita. Kikongwe mmoja alinishika sikio, akalivuta, akaliachia, akaendelea na safari yake. Jamaa mmoja alinifanya nirudie mara tatu, ya tatu akairekodi. Saa nane ikaja Canter imejaa kwaya ya kanisa, na sare zao, wameshaanza wimbo wa maombolezo tangu kona ya mbali, sauti nne zimepangika, nikapunga mikono wakadhani nimezidiwa na majonzi, wakaongeza sauti. Ilibidi nisimame katikati ya barabara. Mwalimu wa kwaya akashuka, nikamweleza mimi, Zuhura binti wa madrasa ya Kondoa, mbele ya kwaya nzima, kwamba marehemu yuko ndani anakula wali. Akanitazama, akasema, "Basi tubadilishe wimbo," wakaingia wanaimba wa shukrani.

Yule shangazi wa Mvumi aligoma kunyamaza mpaka alasiri. Alisema machozi yake hayana kwa kurudi, acha yaishe.

Jioni nikaagana nao. Nikaomba radhi tena, nikawaahidi jina litabadilishwa, bango litashuka. Mzee akasema, "Jumamosi tutakuja kuangalia wenyewe." Ndani ya basi nikampigia Eliya. Akasema bango hawezi kulishusha, limeshazoeleka, kila mtu analizungumzia, na mgeni rasmi ameshaambiwa habari ya mjane na imemgusa. Tukagombana kwa simu, basi zima linasikiliza. Mwishowe akakubali kubadilisha kile kikaratasi cha chini ya picha tu. Nikaliacha hapo. Nilichoka, na niseme kweli, nilikuwa bado nayataka maonyesho yangu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee Chibago alikuja na koti, Bibi Sechelela na gauni la kitenge kipya na kilemba, Pendo katikati yao, wakakalishwa safu ya pili. Kikaratasi nimekibadilisha kwa mkono wangu, kinasema "Bibi Sechelela akisubiri gari, Mlali." Nikadhani yameisha.

Mgeni rasmi akapanda, akatoa hotuba mfukoni, iliyoandikwa na msaidizi wake kutokana na ile kadi ya kwanza. Akaishukuru kamati, akafika kwenye picha ya katikati. Sauti ikashuka. Akasema tumtazame mama huyu, tuutazame upweke wake, tumkumbuke marehemu mumewe. Akaomba tusimame dakika moja kwa heshima ya marehemu.

Ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilibaki kitini. Na katika ule ukimya nikaona mkono umenyooshwa juu safu ya pili, kama mwanafunzi darasani.

"Samahani mheshimiwa," Mzee Chibago akasema. "Mimi sijafa."

Sitawasimulia kicheko kile. Kilianza nyuma kikaja mbele kama mvua juu ya bati. Mgeni rasmi alikunja karatasi yake mara nne, akaniangalia mimi tu, na Eliya akanisukumia kipaza sauti. Nilieleza yote, kuanzia jino. Mara hii sikuficha kitu, hata ile habari ya choo niliisema.

Lakini kilichonimaliza kilikuja baadaye, watu wameshaanza kutembea na soda zao. Bibi Sechelela alikuwa amesimama mbele ya picha peke yake, ile yenyewe, kubwa, rangi zangu zote na vumbi langu la Msalato. Nikasogea. Nilitegemea (si nilikuwa bado mjinga) kwamba atasema ni nzuri.

"Umeichora vizuri," akasema. "Lakini huyu ni mtu aliyeachwa. Uliamua kwanza nimeachwa, ndipo ukanichora. Ukibadilisha karatasi haisaidii, iko humu usoni." Akanigusa bega. "Itoe, mwanangu. Sitaki wajukuu wanione hivi."

Eliya akanishika mkono, ananong'ona kwamba watu wamekuja kwa ajili ya picha ile, mgeni rasmi hajaondoka, nifikirie. Nilifikiria kweli, nisijifanye mtakatifu. Halafu nikaiinua kwenye msumari mwenyewe, fremu nzito, nikapita nayo katikati ya watu mpaka chumba cha nyuma, na nilipoiegemeza nililia kuliko shangazi wa Mvumi. Maonyesho yaliendelea wiki nzima na ukuta mtupu katikati.

Iko kwangu mpaka leo, imegeuziwa ukutani. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na ni ya uongo, na hayo mawili nimeshindwa kuyatenganisha. Bibi Sechelela ameniambia nikamchore upya, safari hii akiongea. Bado sijapata ujasiri wa kwenda.

Ila nimeapa, na hiki kiapo nimekishika. Kabla penseli haijagusa karatasi nakaa na mtu, nauliza: unaitwa nani, umetoka wapi, unasubiri nini, unaumwa? Wengine wananiona mmbea, wengine wananijibu mpaka jua linazama na sijachora mstari. Sawa tu. Na yule ambaye hakutaka kuniambia, nikimchora, nyuma ya picha naandika "sijui", halafu ndipo naweka sahihi yangu.